Deraya, Wepesi na Fani: Historia ya Kanuni za Ulinzi katika Michezo ya Kuigiza ya Mezani

Katika mchezo wa kuigiza wa mezani, kanuni ya ulinzi ndiyo inayoamua kama upanga wa adui umemfikia mhusika au umekata hewa. Anayeshambulia hurusha dadu, huongeza alama za ustadi wake, kisha hulinganisha jumla na namba inayoonyesha ugumu wa kumpata mlengwa. Namba hiyo, ambayo Dungeons & Dragons huiita daraja la deraya, imefumuliwa na kusukwa upya mara nyingi katika muda wa zaidi ya miaka 50. Ubishi uliokuwa nyuma ya mabadiliko hayo ni ule ule tangu mwanzo. Wako wanaosema mpiganaji hulindwa na chuma alichovaa, na wako wanaosema hulindwa na mazoezi, macho na miguu yake. Kanuni ya kwanza iliwapa ushindi wa moja kwa moja watu wa chuma. Nyongeza ya ulinzi inayotokana na fani ya mhusika, yaani kazi aliyopangiwa mchezoni kama vile mpiganaji, mchawi au mwizi, ilikuja kuwa silaha kuu ya upande wa pili.

Mizizi ya jambo hili imo katika michezo ya vita ya vinyago. Mwaka 1971 kampuni ya Guidon Games ilichapisha Chainmail, kijitabu cha kanuni za vita vya zama za kati kilichoandikwa na Gary Gygax na Jeff Perren katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani. Sehemu kubwa ya kijitabu hicho ilihusu majeshi, ambapo kinyago kimoja kilisimama badala ya askari wengi. Lakini kilikuwa pia na sehemu ya mapambano ya mtu na mtu, na humo ndimo mlimokuwa na jedwali lenye silaha upande mmoja na aina 8 za kinga upande mwingine, kuanzia asiyevaa kitu hadi aliyevaa mabamba ya chuma na kushika ngao. Mchezaji alirusha dadu 2 za kawaida na kutafuta namba yake penye makutano. Jambia lilihitaji 6 kumpata asiye na deraya, lakini lilihitaji 12 kumpata mtu wa mabamba, yaani bahati ya mara 1 katika 36. Nyundo na shoka zilikuwa na hesabu zao. Jedwali lilijali chuma kilichopiga na chuma kilichopigwa, basi. Askari wa miaka 20 na kijana aliyeitwa jana kutoka shambani walisomwa kwenye mstari mmoja.

Mkono wa pili katika kuzaliwa kwa kanuni hii ulikuwa wa Dave Arneson, mchezaji wa vita vya vinyago kutoka eneo la Minneapolis na Saint Paul, jimbo la Minnesota. Arneson ndiye aliyeendesha Blackmoor, mchezo ambao kila mchezaji alishika mtu mmoja na kumkuza kutoka kikao hadi kikao. Alipenda pia vita vya baharini, na pamoja na Gygax na Mike Carr alitoa kanuni za Don't Give Up the Ship! mwaka 1972. Miaka mingi baadaye alieleza kwamba wazo la daraja la deraya na lile la pointi za uhai alilitoa katika kanuni zake za manowari za chuma za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Asili hiyo inaeleza mengi. Meli haikwepi. Meli ina unene wa bamba na ina kiasi cha mashimo inachoweza kustahimili kabla ya kuzama, na sifa hizo mbili ndizo zilizohamishiwa kwa binadamu mwenye magoti na shingo.

Dungeons & Dragons yenyewe ilitoka mwaka 1974, vijitabu 3 ndani ya sanduku, nakala 1,000 za mwanzo, ikichapishwa na kampuni ya Tactical Studies Rules ambayo Gygax na Don Kaye walikuwa wameianzisha mwaka uliotangulia. Madaraja ya deraya yalihesabiwa kwa kushuka: asiye na kinga alikuwa 9, mwenye ngao peke yake 8, deraya ya ngozi 7, ngozi na ngao 6, deraya ya pete za chuma 5, pete na ngao 4, mabamba 3, mabamba na ngao 2. Kadiri namba ilivyokuwa ndogo ndivyo kinga ilivyokuwa bora, jambo lililowachanganya wanafunzi wa mchezo huu kwa robo karne. Pamoja na kumbukumbu ya Chainmail, vijitabu vilitoa njia mbadala ya kupigana kwa dadu ya pande 20, na njia hiyo mbadala ndiyo iliyoshika.

Fani zilikuwa 3. Mpiganaji alivaa chochote. Kasisi alivaa chochote pia, ila hakuruhusiwa silaha yenye makali. Mchawi hakuvaa deraya kabisa na silaha yake ilikuwa jambia tu. Sababu ya marufuku hiyo haikuelezwa kwa kina, na waandishi wa baadaye walijaribu kuitafutia maelezo ya kila namna: chuma huzuia nguvu za uchawi, mikono hukazwa na deraya, mchawi hakupata muda wa kujifunza kuivaa. Maelezo hayo yote yanaanguka mbele ya mhusika mmoja. Elfu, kiumbe wa msituni aliyeweza kuwa mpiganaji na mchawi kwa pamoja, aliruhusiwa tangu mwaka 1974 kuvaa deraya ya kichawi na bado akaroga, na katika toleo la wanaoanza la mwaka 1981 alivaa deraya yoyote bila kikwazo. Kumbe chuma hakikuwa na ugomvi na uchawi. Marufuku ilikuwa ya kugawana kazi mezani: mwenye uwezo wa kuunguza kikosi kizima kwa tamko moja hana budi kumhitaji mwenzake mwenye ngao asimame mbele yake. Ikisomwa hivyo, kanuni ya deraya tangu mwanzo ilikuwa kanuni ya fani, ila ilifanya kazi kwa kukataza.

Tatizo lililozaa kila kilichofuata linaonekana kwenye jedwali la mashambulizi la mwaka huo huo. Mpiganaji wa ngazi ya 1 hadi ya 3 alihitaji 10 kwenye dadu ya pande 20 ili kumpata asiye na kinga, na 17 kumpata aliyevaa mabamba na ngao. Kila baada ya ngazi 3 namba hizo zilishuka. Alipofika ngazi ya 10 alihitaji 10 tu kumpata mtu wa mabamba na ngao. Yaani bingwa alimfikia aliyejifunika chuma mwili mzima kwa urahisi ule ule ambao mwanagenzi alimfikia aliye na kanzu. Kushambulia kulikua na kukua. Kujilinda kulibaki pale pale, isipokuwa mhusika aokote deraya au ngao yenye nguvu za kichawi. Mabingwa wawili wa upanga walipokutana walikosana mara chache kuliko wanagenzi wawili, kinyume kabisa cha kinachotazamiwa pale mafundi wawili wanapopambana.

Gygax hakuliona hilo kuwa kosa. Jibu lake, alilolifafanua katika kitabu cha msimamizi wa mchezo cha mwaka 1979, lilikuwa kwamba pointi za uhai hazihesabu nyama na damu pekee. Humo kuna ujuzi wa kupigana, bahati, na hata ulinzi wa miungu. Pigo linalopunguza pointi 6 kwa mtu mwenye 60 ni pigo ambalo ujuzi wake umeligeuza kuwa mkwaruzo. Kwa maelezo haya, ulinzi wa fani ulikuwapo tayari, umefichwa ndani ya dadu za uhai: kijitabu cha nyongeza cha Greyhawk cha mwaka 1975 kilimpa mpiganaji dadu ya pande 8 kwa kila ngazi, kasisi ya pande 6, mchawi ya pande 4. Hoja hiyo ni nzuri kuliko sifa inayopewa. Udhaifu wake ni kwamba haikufuatwa hadi mwisho. Dawa na maombi yaliyorudisha pointi chache yalimponya mwanagenzi jeraha la kufisha lakini bingwa yakamponya mikwaruzo, na sumu ya nyoka ilihesabu pigo kuwa limeingia mwilini, bila kujali kwamba lilikuwa limekwepwa kwa ujuzi.

Greyhawk, iliyoandikwa na Gygax na Rob Kuntz, ilitoa pia kifungu kidogo ambacho leo kinastahili kuangaliwa zaidi. Wapiganaji wenye wepesi wa mikono unaozidi 14 waliruhusiwa kukwepa na kukinga, na kila alama ya ziada ilipunguza uwezekano wa adui kuwapata kwa asilimia 5. Wapiganaji peke yao. Mwizi, fani mpya iliyozaliwa katika kijitabu hicho hicho na iliyosifiwa kwa wepesi kuliko nyingine zote, alivaa deraya ya ngozi na hakupata kitu kutokana na kifungu hicho. Hii ni miongoni mwa nyongeza za mwanzo kabisa za ulinzi zilizotolewa kwa sababu ya fani, na haikudumu: matoleo yaliyofuata yaliufanya wepesi kuwa haki ya kila mtu.

Iliyodumu ni ile ya mtawa. Kijitabu cha Blackmoor, kilichotoka mwaka huo huo wa 1975 kwa jina la Arneson, kilileta fani ya mtawa apiganaye kwa mikono mitupu, wakati sinema za kung fu zilipokuwa zimeijaza Marekani. Mtawa hakuvaa deraya wala kushika ngao. Badala yake daraja lake liliboreka kwa kila hatua ya mafunzo, na katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 lilianzia 10, sawa na raia asiye na kinga, likashuka hadi chini ya sifuri, mahali ambapo mabamba na ngao bila uchawi havikufika. Hapa hatimaye alikuwapo mtu ambaye ngazi zake zilimlinda. Lakini wabunifu walimchukulia kuwa kioja cha kigeni, mfano wa kwao peke yake, na hawakuuliza kwa nini mwana wa mfalme aliyefundishwa upanga tangu utotoni asipate hata nusu ya alichopata mtawa.

Advanced Dungeons & Dragons, iliyotoka kwa vitabu kati ya 1977 na 1979, iliongeza aina za deraya badala ya kugusa swali hilo. Raia asiye na kinga sasa alikuwa 10, na orodha ikajaa majina kama deraya ya ngozi yenye njumu na deraya ya mikanda ya chuma. Baadhi ya aina hizo hazikuvaliwa vitani na mtu yeyote. Zilitokana na wanazuoni wa Uingereza wa karne ya 19, hasa Samuel Rush Meyrick, ambao walitazama namna tofauti za kuchora pete za chuma kwenye sanamu za makaburi na michoro ya kale, wakadhani kila namna ya kuchora ni aina yake ya deraya. Njumu za ngozi zina asili ya kosa la aina hiyo: vichwa vya misumari vinavyoonekana juu ya vazi kwenye michoro vilishikilia mabamba yaliyofichwa ndani. Mchezo uliochukuliwa kuwa wa njozi tupu ulikuwa, kwenye kipengele hiki, umerithi njozi za wanahistoria.

Bei nazo zilibadilika, na bei ni kanuni ya ulinzi kwa njia nyingine. Mwaka 1974 mabamba yaliuzwa sarafu 50 za dhahabu, na mhusika mpya alianza na wastani wa sarafu 105, hivyo mpiganaji alijifunika chuma siku ya kwanza. Mwaka 1978 bei ilipanda hadi 400, wakati mpiganaji mpya hakuweza kuanza na zaidi ya 200. Deraya bora ikawa tuzo ya kutafutwa.

Michezo mingine haikusubiri. Ken St. Andre wa Phoenix, Arizona, alitoa Tunnels & Trolls mwaka huo wa 1975, na humo deraya haikumzuia adui kufika; ilipunguza madhara ya pigo lililofika. Katika toleo la 5 la mwaka 1979, shujaa wa vita alipata kinga maradufu kutoka kwenye deraya ile ile ambayo mwenzake wa fani nyingine angeivaa. Ni kanuni ya mstari mmoja, na inasema kile ambacho michezo mizito zaidi ilihitaji kurasa nyingi kukisema: chuma na mafunzo huzidishana.

RuneQuest ya mwaka 1978 ilikwenda mbali zaidi kwa kuziondoa fani zenyewe. Steve Perrin, mmoja wa wabunifu wake, alikuwa mwanachama wa mwanzo wa Society for Creative Anachronism, chama kilichoanzia Berkeley, California, mwaka 1966, ambacho watu wake huvaa deraya na kupigana kwa silaha za henzirani. Mtu aliyewahi kupigwa mkononi akiwa na ngao hawezi kuridhika na namba moja ya ulinzi. Katika RuneQuest mshambuliaji hurusha dadu yake, mlengwa hurusha yake ya kukinga, na pigo likipita hushuka kwenye kiungo maalumu ambacho deraya yake hupunguza madhara. Arms Law ya mwaka 1980, iliyokuja kuwa msingi wa Rolemaster, iliweka aina 20 za deraya na jedwali kwa kila silaha; mtu wa mabamba alipatwa mara nyingi lakini kwa wepesi, asiye na deraya alipatwa mara chache lakini akipatwa alivunjika. GURPS ya mwaka 1986 ilimpa kila mhusika njia 3 za kujilinda kwa vitendo, yaani kukwepa, kukinga kwa silaha na kuzuia kwa ngao. Gharama ya michezo hii yote ilikuwa muda. Pigo moja la Dungeons & Dragons lilimalizwa kwa dadu 2; pigo la RuneQuest liliweza kuhitaji maradufu, na vita vya watu 10 vikala jioni nzima. Hapo ndipo penye siri ya kudumu kwa daraja la deraya pamoja na kasoro zake zote.

Ndani ya Dungeons & Dragons majaribio yalikuwa ya pembeni. Unearthed Arcana ya mwaka 1985 ilileta mpiganaji wa porini ambaye wepesi wake ulimlinda zaidi ya watu wengine mradi asivae chuma kizito, na papo hapo ikaleta deraya kamili za mabamba zilizonyonya sehemu ya madhara. Toleo la 2 la mwaka 1989 liliacha nyingi za kanuni hizo. Dark Sun, ulimwengu wa jangwa uliotolewa mwaka 1991, ulifanya madini kuwa adimu na joto kuwa adui wa kila aliyevaa deraya ya chuma. Wahusika walivaa vipande vipande vya mifupa, ngozi na magamba. Mandhari yalikuwa yamebadilisha mavazi, lakini hesabu ya chini ilikuwa ile ile ya mwaka 1974.

Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya Wizards of the Coast kuinunua TSR, kampuni ya Dungeons & Dragons, mwaka 1997. Toleo la 3 la mwaka 2000, la Jonathan Tweet, Monte Cook na Skip Williams, liligeuza hesabu ikawa ya kupanda: 10, jumlisha deraya, ngao, wepesi na mengineyo. Kila deraya ilipewa kikomo cha wepesi unaoweza kutumika ndani yake. Ngozi iliongeza 2 na kuruhusu wepesi hadi 6. Mabamba kamili yaliongeza 8 lakini yaliruhusu 1 tu. Marufuku ya mchawi ikawa bahati nasibu: akivaa ngozi, tamko lake liliharibika kwa asilimia 10, akivaa mabamba kamili kwa asilimia 35. Kasisi hakuguswa na hesabu hiyo. Druidi, kuhani wa misitu, aliendelea kukatazwa chuma, na alipokivaa alipoteza uwezo wake kwa saa 24 baada ya kukivua.

Hesabu hii safi iliifanya kasoro ya zamani ionekane wazi zaidi. Mpiganaji aliongeza 1 kwenye mashambulizi kwa kila ngazi, hadi 20. Ulinzi wake haukuongezwa na ngazi hata moja. Pengo lilizibwa na soko: deraya yenye uchawi, pete ya ulinzi, hirizi ya kukaza ngozi. Bingwa wa ngazi ya 15 alitembea amejipamba kwa vitu vya thamani kupita hazina ya mji, na akivuliwa, mgambo wa kijijini aliweza kumchoma mkuki. Kwa ulimwengu uliojaa uchawi hilo lilivumilika. Kwa ulimwengu usio na maduka ya hirizi, halikuvumilika, na leseni huria ya mwaka 2000 iliyoruhusu kampuni yoyote kutumia injini ya mchezo huo iliuleta ulimwengu wa namna hiyo mwingi kwa mkupuo.

Star Wars ilikuwa ya kwanza kati ya ile mikubwa, mwishoni mwa 2000. Katika filamu hizo mashujaa huvaa mashati na makoti, na wanaovaa deraya nyeupe mwili mzima ndio wanaoanguka kwa risasi ya kwanza. Mchezo unaowalinda watu kwa deraya usingeweza kuisimulia hadithi hiyo, kwa hiyo kila fani ilipewa nyongeza ya ulinzi iliyopanda kwa ngazi, na katika toleo lililorekebishwa la mwaka 2002 deraya ikabakiwa na kazi ya kupunguza madhara. The Wheel of Time ya mwaka 2001, iliyotokana na riwaya za Robert Jordan, nayo ilifungua mlango huo, huku askari wa fani akipewa uwezo maalumu wa kuunganisha mafunzo yake na deraya yake. D20 Modern ya mwaka 2002, mchezo wa dunia ya leo yenye bastola na magari, ilizijumlisha zote mbili kwa kila mtu. Shujaa mwepesi alianza na nyongeza ya 3, shujaa mwenye nguvu na nyongeza ya 1.

Mwaka 2004 wazo lilirudi nyumbani. Kitabu kipya chenye jina la zamani, Unearthed Arcana, cha Andy Collins, Jesse Decker, David Noonan na Rich Redman, kilikusanya kanuni mbadala kwa yeyote aliyetaka kuupinda mchezo, na miongoni mwake ilikuwapo nyongeza ya ulinzi kwa kila fani ya Dungeons & Dragons. Fani ziligawanywa katika safu 4 kufuatana na deraya ambazo kila moja ilikuwa imefundishwa kuvaa. Wasiofundishwa yoyote, kama mchawi, walianza na 0. Waliofundishwa nyepesi walianza na 2. Na waliofundishwa nzito, kama mpiganaji na kasisi, walianza na 6. Zote zilipanda taratibu. Nyongeza hiyo haikujumlishwa na deraya, bali mhusika alitumia iliyo kubwa kati ya hizo mbili.

Matokeo yake yanashangaza kidogo. Aliyejifunza zaidi kubeba chuma ndiye aliyepata faida kubwa zaidi ya kutokibeba, wakati mwizi, aliyeishi kwa kukwepa, aliachwa nyuma yake kwa alama 4. Kama hadithi, haiingii akilini. Kama hesabu, ni ya haki: waandishi walilenga kuhakikisha kwamba kila fani ikivua deraya yake ya kawaida inabaki na ulinzi ule ule, ili majini na majoka ya vitabu vilivyopo yasihitaji kuandikwa upya. Tena kwa mwanagenzi ilikuwa zaidi ya haki. Nyongeza ya 6 ililingana na deraya ya vipande vya chuma iliyouzwa sarafu 200, ambayo mpiganaji mpya kwa kawaida hakuwa na fedha za kuinunua. Aliyevaa chuma aliogelea kwa shida na kupanda ukuta kwa shida. Aliyevua hakuzuiwa na kitu. Na tofauti na deraya, nyongeza ya fani ilihesabika pia dhidi ya mapigo ya kugusa tu, kama mkono wa mzuka au mwale wa uchawi, ambayo hupita chuma kana kwamba hakipo. Msimamizi aliyeipokea kanuni hii bila kuiwekea mipaka aligundua kwamba ghala za deraya katika ulimwengu wake zimepoteza wateja.

Kitabu hicho hicho kiliweka kurasa chache mbele dawa ya upande wa pili: deraya inayogawanywa nusu kwa nusu, ambapo mabamba kamili huongeza 4 kwenye ulinzi na kupunguza madhara ya kila pigo kwa 4. Zikitumiwa pamoja kwa uangalifu, kanuni hizo mbili zinakamilishana, na ndivyo walivyofanya wengine. Conan ya kampuni ya Mongoose, iliyomhusu shujaa wa Robert E. Howard ambaye mara nyingi huonekana kifua wazi, ilitenganisha kukwepa na kukinga, kila fani ikapewa viwango vyake kwa vyote viwili, na deraya ikabaki ya kupunguza madhara mbele ya silaha zenye uwezo tofauti wa kuitoboa. Iron Heroes ya Mike Mearls, mwaka 2005, iliwanyima wahusika hirizi kabisa, ikawapa ulinzi wa fani, na kiasi cha madhara kilichonyonywa na deraya kikaamuliwa kwa dadu kila mara.

Star Wars ilirudi tena mwaka 2007 na jibu lililo kali zaidi. Ulinzi wa mhusika ulikuwa 10, jumlisha ngazi yake yote, wepesi, na nyongeza ndogo ya fani: 2 kwa mlanguzi na mpelelezi, 1 kwa mwanajeshi. Aliyevaa deraya aliweka thamani ya deraya mahali pa ngazi yake, hivyo kwa bingwa deraya ilikuwa hasara, isipokuwa kwa mwanajeshi aliyechagua kipaji cha kutumia iliyo kubwa kati ya hizo mbili, na baadaye kuongeza nusu ya deraya juu ya ngazi. Mwaka uliofuata toleo la 4 la Dungeons & Dragons lilifanya jambo la jirani: nusu ya ngazi iliingia kwenye kila ulinzi wa kila mtu, na fani zikaongeza alama zao kwenye ulinzi wa mwili, wa wepesi na wa nia. Kwa mara ya kwanza bingwa wa fani yoyote, si mtawa peke yake, alikuwa mgumu kumpata kwa sababu ya ubingwa wake. Kwa kuwa majini nayo yalipanda kwa kasi hiyo hiyo, wachezaji wengi hawakuona tofauti yoyote.

Kanuni iliyo wazi kuliko zote ilitolewa na 13th Age ya mwaka 2013, kazi ya Jonathan Tweet na Rob Heinsoo. Humo deraya haina thamani yake yenyewe. Thamani iko kwenye jedwali la fani. Deraya nzito humfikisha mpiganaji 15, mtetezi wa imani 16, kasisi 14, na mchawi 11 tu, tena kwa adhabu kwenye mashambulizi yake. Nyepesi humpa mpiganaji 13 na mjanja 12. Ubishi wa chuma na ufundi unakatwa kwa kusema kwamba vazi ni moja lakini wavaaji si sawa, jambo ambalo St. Andre alikuwa amelidokeza mwaka 1979.

Toleo la 5 la Dungeons & Dragons, la mwaka 2014, lilichagua njia nyingine, ambayo ndiyo inayochezwa na wengi hivi leo na ambayo mchezo wa kompyuta wa Baldur's Gate 3 umeieneza kwa watu wasiowahi kushika dadu ya pande 20. Mashambulizi yenyewe yalipunguzwa mwendo: ustadi huanzia 2 na kuishia 6 katika ngazi 20, kwa hiyo mabamba yenye ulinzi wa 18 hubaki na maana hadi mwisho na ngazi hazihitaji kuingia kwenye ulinzi. Fani chache zilipewa fomula zao. Mpiganaji wa porini asiye na deraya huhesabu 10, wepesi na ukakamavu wa mwili; mtawa huhesabu 10, wepesi na hekima; msihiri mwenye damu ya joka alianza na 13 na wepesi. Mpiganaji akichagua mtindo wa kujilinda huongezewa 1, mradi amevaa deraya. Mchawi hakatazwi tena kuvaa chuma kwa sababu ya uchawi, bali mtu yeyote aliyevaa deraya asiyoijua hawezi kuroga, hivyo mchawi aliyefundishwa kuvaa mabamba huroga ndani yake bila tabu. Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii uliobaki kwenye njia ya ngazi, ilipanga katika toleo lake la 2 la mwaka 2019 viwango vya umahiri wa ulinzi vyenye nyongeza ya 2, 4, 6 na 8 juu ya ngazi ya mhusika. Wakati huo mtawa na mtetezi wa imani ndio waliofika kwenye 8, mmoja bila deraya na mwingine ndani ya mabamba. Kitabu cha wachezaji cha Dungeons & Dragons cha mwaka 2024 nacho kiliondoa katazo la chuma kwa druidi na kubadilisha fomula ya msihiri iwe 10, wepesi na mvuto wake.